Naomba ushauri: nihame kazi au nimsikilize mzee?

Habari zenu. Natengeneza programu za simu hapa Kisumu. Kampuni ya Nairobi imenipa kazi yenye mshahara mzuri zaidi, tena nitaifanyia hapa hapa Kondele. Baba, mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60, anasema mwajiri aliyenipokea bila uzoefu haachwi hivi hivi. Lakini yeye ana pensheni ya serikali. Mimi nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na wenzangu walipunguzwa ghafla. Notisi ya siku 28 ya Sheria ya Ajira ya 2007 nitatoa. Linaloniumiza ni mzee. Nimweleze vipi bila kumvunjia heshima? Na bosi nimwambie kabla ya kutia sahihi kule?