Tupeane uzoefu: kutuma email kwa amri za terminali. Ulikwama wapi, ukatokaje?

Mleta mada (Morogoro)

Wakuu, heshima kwenu.

Mada hii nimekaa nayo tangu 2022 na leo naileta, kwa sababu najua wengi humu mna seva ndogo za ofisi, za shule na za nyumbani zinazotuma email zenyewe usiku mkiwa mmelala. Kila mmoja aeleze alisimikaje, anatumia programu gani, na nini kilimkwamisha. Mimi naanza.

Natunza kompyuta za chama kimoja cha akiba na mikopo. Seva yetu ni kompyuta ya mezani yenye Ubuntu (aina ya Linux), iko stoo, haina kioo wala kibodi. Kila saa nane usiku inanakili hesabu za wanachama kwenda diski ya nje. Kwa upande wa email niliiwekea msmtp, programu ndogo sana. Haipokei barua wala haihifadhi. Inachukua ujumbe mmoja, inaukabidhi kwa seva ya barua, inaandika kilichotokea, kazi imekwisha. Kuisimika ni mstari mmoja:

    sudo apt install msmtp msmtp-mta

Hiyo ya pili, msmtp-mta, wengi huiacha, halafu wanashangaa cron (programu inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa) haitumi kitu. Ndiyo inayoipa mashine amri iitwayo sendmail. Eric Allman aliandika sendmail pale Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo programu nyingi za Linux zikitaka kutuma barua huita jina hilohilo. Kwa hiyo msmtp inajibu kwa jina la mkubwa wake na mambo yanaenda.

Mipangilio inakaa kwenye faili ~/.msmtprc. Yangu ilikuwa hivi:

    defaults
    auth on
    tls on
    tls_trust_file /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
    logfile ~/.msmtp.log

    account ofisi
    host smtp.gmail.com
    port 587
    from ofisi@example.com
    user ofisi@example.com
    password NENO-LA-SIRI 

    account default : ofisi

Kisha `chmod 600 ~/.msmtprc`, maana ndani kuna neno la siri, na msmtp yenyewe itakataa kufanya kazi ikikuta faili hilo linasomeka na watu wengine. Jaribio:

    printf 'Subject: Jaribio\n\nSalamu kutoka stoo.\n' | msmtp mimi@example.com

Angalieni hizo `\n` mbili. Mstari mtupu ndio unaotenganisha vichwa vya barua na barua yenyewe. Ukiusahau, maneno yako yanachukuliwa kama vichwa na barua inafika tupu au imevurugika.

Sasa lililonikuta. Skripti yangu (faili la amri zinazojiendesha) ilikuwa inatuma email pale tu bakapu, ile nakala ya usiku, inaposhindwa. Niliona ni busara, nisijaze sanduku langu na barua za "kila kitu kiko sawa". Ikawa nisipopata barua, najua tuko salama.

Mei 30, 2022, Gmail iliacha kuruhusu programu kuingia kwenye akaunti binafsi kwa jina na neno la siri la kawaida. Lilitangazwa mapema, mimi sikulifanyia kazi. Julai diski ya nje ilijaa. Bakapu ikashindwa, skripti ikajaribu kunipa taarifa, na kila usiku ikakataliwa. Mistari yote ilikuwemo kwenye logi (faili la kumbukumbu za matukio), nimeihifadhi mpaka leo:

    smtpstatus=535 ... errormsg='authentication failed (method PLAIN)' exitcode=EX_NOPERM

Usiku baada ya usiku, mstari uleule. Mimi sikupata barua, nikaamini tuko salama. Septemba diski ya ndani ya seva ikafa. Bakapu ya mwisho niliyoikuta ilikuwa ya Julai 11. Miezi miwili ya makato, mikopo na marejesho tuliiingiza upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, mimi na mama wawili wa uhasibu, Jumamosi na Jumapili zote za mwezi ule. Mmoja wao alikuwa na mtoto mchanga, alikuwa anamnyonyesha huku ananisomea namba za risiti. Sitasahau.

Nilibadilisha mambo mawili. Niliwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, nikatengeneza neno la siri la programu, lile la herufi 16, nikaliweka mahali pa lile la zamani. Na sasa barua inakuja kila asubuhi, bakapu ikifaulu au ikishindwa, na ndani inataja ukubwa wa faili na nafasi iliyobaki kwenye diski. Asubuhi isipokuja, naenda stoo kabla ya chai.

Karibuni.

Mdau wa Mombasa

Pole sana ndugu yangu, na ahsante kwa kulieleza wazi.

Mimi langu ni la shule ya binafsi huku pwani. Mwisho wa muhula huwatumia wazazi taarifa za karo, kila mmoja na PDF ya mwanawe. Kazi hiyo naifanya kwa mutt, ambayo Michael Elkins aliianza 1995 na bado naiona bora kuliko nyingi kwa kuambatisha mafaili. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

    while IFS=, read -r namba email jina salio; do
      mutt -s "Taarifa ya karo" -a "pdf/$namba.pdf" -- "$email"
    done < wazazi.csv

Itazameni vizuri kabla hamjaendelea kusoma. Nilipoiendesha ilimaliza kwa sekunde mbili, bila kosa lolote. Wazazi walikuwa 213. Nikashuku kwa nini ni upesi hivyo, lakini kabla sijafungua logi, simu ya karani ikalia.

Kilichotokea ni hiki. Mutt isipopewa maandishi ya barua huyasoma kutoka kwenye ingizo lake, na ingizo lake pale ni lile lile la kitanzi cha `while`, yaani orodha ya wazazi. `read` ilisoma mstari wa kwanza, mutt ikameza mistari 212 iliyobaki na kuifanya ndiyo barua. Mzazi wa kwanza akapata PDF ya mwanawe, na chini yake majina, anwani na madeni ya wazazi wengine wote wa shule. Wengine wote hawakupata chochote.

Yule mzazi alikuwa muungwana. Alipiga simu yeye mwenyewe, akasema ameifuta, hakumwambia mtu. Lakini mimi nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku ile ile nikamweleza, na tukawaandikia wazazi wote kuwaomba radhi. Deni la mtu ni siri yake.

Dawa ni kuipa mutt barua yake mwenyewe, na orodha kuipitisha njia nyingine:

    while IFS=, read -r -u 3 namba email jina salio; do
      mutt -s "Taarifa ya karo" -a "pdf/$namba.pdf" -- "$email" < barua.txt
      sleep 5
    done 3< wazazi.csv

Zile `--` kabla ya anwani msizitoe, bila hizo mutt huidhani anwani nayo ni kiambatisho. Na kama orodha yenu imetoka Excel, ipitisheni kwanza kwenye `dos2unix`. Kila mstari huja na alama isiyoonekana mwishoni, na ikiangukia kwenye anwani, seva huikataa na wewe ukiitazama kwa macho huoni kosa.

Tangu siku ile, kabla ya kutuma kwa wazazi naweka anwani yangu mwenyewe kwenye mistari mitatu ya kwanza, naendesha, nasoma zote tatu zilizofika. Ndipo natuma.

Mdau wa Mwanza

Nyongeza fupi kuhusu viambatisho, iliniharibia siku nzima. Amri ya `mail` si moja. Kuna ya GNU mailutils, kuna bsd-mailx, kuna s-nail, na zote hujiita `mail`. Kwenye s-nail, `-a` ni kiambatisho. Kwenye mailutils, `-a` ni kuongeza kichwa cha barua, kiambatisho ni `-A` kubwa. Skripti yangu ilifanya kazi miaka miwili, tukahamia mashine mpya, ripoti zikawa zinafika bila faili. Andika `man mail` kwenye mashine unayotumia kabla ya kunakili amri ya mtu, hata zangu hizi.

Mdau wa Dodoma

Mkuu mleta mada, hiyo ya kuletewa barua kila asubuhi nakuunga mkono.

Huku chuoni tuna Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) inayopima joto la jokofu la sampuli na kutuma email joto likipanda. Likizo ndefu tulizima umeme wa maabara nzima kwa wiki tano. Tulipowasha, vipimo vilikuwa vinasomwa vizuri ila email hazitoki. msmtp ilidai cheti cha seva ya barua bado hakijaanza kutumika. Nikabadilisha poti (namba ya mlango wa mtandao) kutoka 587 kwenda 465, nikaongeza `tls_starttls off` kama inavyotakiwa kwa poti hiyo, jibu likawa lile lile. Siku ya pili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa amekaa tu pembeni anatazama, akaniuliza: "Mwalimu, mbona hiyo tarehe ni ya mwezi uliopita?"

Nikaandika `date`. Alikuwa sahihi. Pi ya aina yetu haina betri ya saa. Ikiwaka huanzia muda wa mwisho iliouhifadhi, kisha huuliza saa kwenye intaneti kupitia poti 123, na mtandao wa chuo umeifunga poti hiyo. Kwa hiyo ilikuwa bado inaishi wiki tano nyuma, na cheti kilichotolewa juzi kwake kilikuwa cha siku za mbele. Ilikuwa na haki kukikataa.

Tuliielekeza kwenye seva ya saa iliyo ndani ya chuo, kwenye faili /etc/systemd/timesyncd.conf, na tukaifungia kile kidude cha saa chenye betri, DS3231. Haijasumbua tena. Kuna waliotushauri tuandike `tls_certcheck off` tuendelee na maisha. Msifanye hivyo. Ukizima ukaguzi wa cheti, neno lako la siri unaweza kumkabidhi yeyote atakayejisimamisha katikati ya njia.

Mdau wa Nairobi

Kwa wale wenye seva za kukodi: usipoteze wikendi na poti 25. Watoa huduma wengi huifunga kwa wateja kuzuia barua taka, na amri yako itaning'inia tu mpaka ichoke. Tumia 587 kupitia akaunti halisi ya barua. Ukitumia domeni yako, weka rekodi za SPF na DKIM (zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye domeni yako) kabla ya kutuma chochote, la sivyo utaona 250 kwenye logi na barua haionekani kwenye sanduku la mtu. Hiyo 250 maana yake seva ya kwanza imepokea. Baada ya hapo safari bado iko.

Na akaunti ya kawaida ya Gmail mwisho wake ni barua 500 kwa siku, kwa hivyo ndugu wa Mombasa akifika wazazi 600 ajipange.

Mdau wa Tanga

Shikamooni wakuu. Mimi ni mgeni kwenye haya, niko kwenye mafunzo kazini. Nimefuata maelekezo ya kaka wa Morogoro hatua kwa hatua. Nikiandika ile ya `printf` mwenyewe, barua inafika. Skripti ikiendeshwa na cron saa nane usiku, hakuna kitu. Kwenye logi ya mashine kuna: `account default not found: no configuration file available`. Faili lipo, naliona kwa macho yangu. Nakosea wapi?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Umeleta maneno ya kosa kama yalivyo, hapo umeturahisishia kazi.

Hiyo cron uliiandika kwa `sudo crontab -e`, sivyo? Basi inaendeshwa na root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, na root anatafuta faili nyumbani kwake, si kwako. Ulilonalo ni lako peke yako. Hamishia mipangilio kwenye /etc/msmtprc, imilikiwe na root, ruhusa 600. Logi nayo iandike /var/log/msmtp.log.

Halafu ongeza mstari `aliases /etc/aliases`, na ndani ya /etc/aliases andika `root: anwani-yako`. Cron ikiwa na la kusema humwandikia "root", na bila huo mstari seva ya nje haimjui root ni nani.

Kama ulifungia neno la siri kwa gpg (programu ya kufunga siri) na `passwordeval`, hiyo nayo itakwama usiku, kwa sababu gpg itataka mtu aandike ufunguo na wewe umelala. Kwenye mashine isiyo na mtu tumia neno la siri la programu ndani ya faili la root. Siku ukilishuku, unalifuta kwenye akaunti na kutengeneza jingine, neno lako kuu haliguswi.

Mdau wa Tanga

Nimefanya yote, kaka. Ilikuwa kweli `sudo crontab -e`. Jaribio la jana usiku liliingia kwenye barua taka, nikalitoa na kuiweka anwani kwenye orodha ya ninaowafahamu. Leo nimeamka saa kumi na mbili, nimeikuta kwenye sanduku, imeingia saa 8:04 usiku: "Bakapu imekamilika, MB 412, nafasi iliyobaki GB 88." Nimeenda pia kuitazama diski yenyewe, faili lipo.