Uchaguzi ukiwa Agosti na upepo wa kusi umekaza, mtu wa Faza atapigaje kura?

Mtu wa Faza:
Jamani nauliza, maana kila uchaguzi ukikaribia twaambiwa watu wa visiwani wavivu wa kura. Mimi nimejiandikisha Faza, kisiwani Pate, ndo kwetu, lakini kazi nafanya Amu (Lamu mjini). 9 Agosti 2022 nilifika jeti saa kumi na mbili asubuhi, maji yanakupwa, nahodha anasema Mkanda, ile njia nyembamba ya ndani, haupitiki mpaka yajae na kuzunguka kwa nje na kusi ile hakuna anayetaka. Tukakaa. Mmoja kaenda kunywa chai hakurudi, mwengine vilevile, kufika saa saba tumebaki wanne na wanne hawalipi mafuta ya boti. Nikarudi nyumbani nikalala. Sasa na mimi nihesabiwe nimekataa? Katiba imesema Jumanne ya pili ya Agosti, aliyepanga nadhani hajapanda mashua. 2013 tulipiga Machi, bahari kama sahani.

Kijana wa Mkomani:
Kaka pole lakini usisingizie bahari. 2013 nchi nzima walitoka kama asilimia 86, 2022 wakashuka mpaka 65 hivi. Nyeri nako kuna kusi? Watu wamechoka tu. Mimi kituo nakiona nikiwa barazani na sikwenda, makusudi kabisa, maana tangu nizaliwe naahidiwa maji baridi na mfereji mpaka leo watoa chumvi.

Bi wa Langoni:
Wewe mwanangu wanikera kuliko huyo wa boti. Mimi na magoti haya nilipanga foleni, wewe umekaa barazani wahesabu wapitao. Hao wenye maji ya chumvi wafurahi ukikaa hapo! Na wewe wa Faza, si ungehamisha kituo? Ni bure, waenda afisi ya tume na kitambulisho wajaza fomu, miaka mitano yote hukupata siku moja?

Mtu wa Faza:
Bi shikamoo, nililifikiria hilo. Lakini nikihamia Amu diwani nitakayemchagua ni wa Amu, na mamangu yuko Faza, zahanati anayokwenda ni ya Faza, kura yangu ya diwani ndo nayoitaka kule. Ya rais hata ningepigia hapa, ni ileile. Mkenya alioko Dubai alimpigia rais kulekule, mfungwa jela pia alipiga, rais tu. Mimi niko kaunti moja na kituo changu nimeshindwa. Hii hainiingii akilini.

Kijana wa Mkomani:
Mfungwa hana pa kwenda kaka, yeye ataandikwa mulemule jela. Wewe ukiruhusiwa popote watu watapiga Amu asubuhi, Faza jioni, halafu tuanze kesi upya.

Mtu wa Faza:
Si kuna mashine ya vidole? Na hiyo Amu asubuhi Faza jioni boti utaitoa wapi, mimi moja tu ilinishinda 😂

Bi wa Langoni:
Waongeze siku basi, ziwe mbili.

Kijana wa Mkomani:
Masanduku yakilala Kizingitini kule Pate usiku mmoja, asubuhi nani atayaamini bi? Mimi hata ya mchana siyaamini.

Nahodha:
Nimewasoma kimya sasa niseme. Siku ile ya 2022 tulikua twaelekea bamvua, maji yakikupwa yakupwa kweli, hata mimi nisingepita Mkanda ile asubuhi. 2027 ni 10 Agosti, nimepiga hesabu ya mwezi wa kuandama, itakua kama siku ya saba ya Mfungo Sita, maji mafu hayo, hayapwi sana, boti inapita. Kusi ipo lakini ndani ya Mkanda haitusumbui. Mimi boti yangu naitoa siku hiyo inshallah, mafuta mchange wenyewe, na wa kunywa chai anywe kwao kabla hajaja jeti. Wa Faza nimekuandika wa kwanza. Wa Mkomani wewe kituo chako kiko mlangoni, kwangu hakuna nafasi yako.