Kadi za Commander zinazouzika kuliko zote zimegeuzwa mtaji wa walanguzi, tunaoumia ni sisi wachezaji

Wakuu, salamu kwenu. Nina hasira na sitaificha.

Hivi karibuni niliagiza Rhystic Study, kadi ya mchezo wa Magic: The Gathering, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Pesa ikakatwa, risiti nikapata. Kabla kadi haijatumwa zikaanza kuonyeshwa kadi za seti mpya, watu wakazivamia kadi za bluu kama hii na bei ikapanda. Oda yangu ikafutwa, maelezo yakawa mstari mmoja tu: mzigo umeisha. Jioni ile ile nikaiona kadi ile ile, picha ile ile yenye mchubuko kwenye kona, inauzwa na mtu yule yule kwa bei ya juu zaidi. Pesa nilirudishiwa, ndiyo. Lakini tulikuwa tumeshapatana bei! Mimi ningeghairi baada ya kadi kufika kwa sababu bei imeshuka, ningeitwa tapeli. Yeye anaita biashara.

Kwa wasiocheza Magic, nieleze kidogo ili mjue kwa nini kadi moja inatutoa jasho. Commander ni mtindo mmoja wa kucheza Magic, na kwa kawaida huchezwa na watu wanne mezani. Kila mtu ana deki ya kadi 100, hakuna kadi inayojirudia isipokuwa ardhi za msingi (ardhi ni kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine), na unaanza na uhai 40. Sasa Rhystic Study unaishusha kwa mana tatu tu. Ikishakaa mezani, kila mpinzani akicheza kadi isiyo ardhi inabidi aongeze mana moja juu ya gharama yake, la sivyo wewe unavuta kadi. Wapinzani ni watatu. Mzunguko mmoja wa meza unaweza kukuingizia kadi tatu au nne za bure, wakati mwenzako anavuta yake moja kwa zamu. Na wanaokulipa ile mana moja wamechelewa kufanya mambo yao. Kote unashinda.

Smothering Tithe ya mwaka 2019 ni habari hiyo hiyo kwa upande wa kadi za rangi nyeupe: mpinzani akivuta kadi alipe mana mbili, asipolipa wewe unapata Treasure, hazina ya kugeuza kuwa mana ya rangi yoyote. Cyclonic Rift ya 2012, ukiwa na mana saba, inawarudishia wapinzani wote mikononi kila walichoweka mezani isipokuwa ardhi, na vyako havigusi. Tena unaweza kuipiga mwishoni mwa zamu ya mwenzako, halafu zamu inayofuata ni yako na meza ya wenzako ni tupu.

Angalieni kinachouza hizi kadi. Si picha, si kumetameta. Zinauzika kwa sababu zinakupa mana, zinakupa kadi mkononi, au zinamnyima mwenzako, na mchezo wenyewe ni hivyo vitu vitatu. Hata orodha ya Game Changers iliyotolewa Februari 2025, ile ya kadi zenye nguvu ya kubadilisha mchezo, iliziweka zote tatu humo. Yaani wenye mchezo, kampuni ya Wizards of the Coast iliyo chini ya Hasbro, wanajua kabisa kwamba asiyekuwa nazo, akikutana na wenye nazo, atakaa kutazama wenzake wakicheza.

Basi kama wanajua, kwa nini ni ghali?

Rhystic Study ilipotoka mwaka 2000 kwenye seti ya Prophecy ilikuwa kadi ya daraja la chini kabisa, ya kawaida, ile unayoikuta bila kuitafuta kwenye pakiti, zile tunazonunua bila kujua kadi zilizomo. Mwaka 2020 ikachapwa tena kwenye Jumpstart, safari hii ikiwa na daraja la adimu. Nguvu ya kadi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba tulianza kuihitaji, na hitaji letu likageuzwa chambo cha kuuzia pakiti.

Na msiniambie haiwezekani kuzichapa kwa wingi. Sol Ring mnaijua? Mana moja unaitoa, mbili zinarudi kila zamu. Ni moja ya kadi kali kuliko zote kwenye Commander, ipo tangu seti ya kwanza ya 1993, na kila mtu anaitaka. Lakini inawekwa kwenye deki za tayari za Commander mwaka hadi mwaka, kwa hiyo unaipata kwa dola moja au mbili, na hakuna mlanguzi anayehangaika nayo. Hitaji ni kubwa, bei ni ndogo, kwa sababu kampuni iliamua iwe hivyo. Kumbe wakitaka wanaweza! Hizi nyingine wameamua tu wasifanye.

Tunapewa nini badala yake? Novemba 2022 walituuzia pakiti nne kwa dola 999 kuadhimisha miaka 30 ya mchezo, na kadi zenyewe haziruhusiwi kwenye mashindano. Ardhi za rangi mbili za zamani kama Underground Sea ziko kwenye orodha ya mwaka 1996 ya kadi ambazo kampuni iliahidi haitazichapa tena. Ahadi hiyo walipewa wakusanyaji waliolalamika kwamba mali yao inashuka thamani. Mchezaji anayeanza leo hakuwepo mezani wakati anagawiwa hasara.

Halafu kuna kufungiwa, yaani kadi kupigwa marufuku. Mana Crypt ilikuwa ndoto ya kila deki kali: unaishusha bila kulipa kitu, inakupa mana mbili kila zamu. Mwishoni mwa 2023 ikawa moja ya tunu za kusaka kwenye pakiti za seti ya The Lost Caverns of Ixalan. Tarehe 23 Septemba 2024 ikafungiwa kwenye Commander pamoja na Jeweled Lotus, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya Commander hiyo hiyo. Waliotoa vitisho kwa kamati ya sheria za Commander iliyozifunga walifanya ushenzi, na sina neno la kuwatetea. Lakini mtu aliyejinyima ili anunue kadi ya kuchezea, akaamka haiwezi kuchezwa, ana haki ya kukasirika. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya wanaocheza Standard, mtindo wa kutumia kadi za seti za karibuni tu: kadi ya Vivi Ornitier ilitoka Juni 2025 kwenye Final Fantasy, seti ambayo Hasbro walisema iliingiza dola milioni 200 kwa siku moja. Kila mtu aliisaka, kwa sababu inazalisha mana na inapiga wapinzani kwa kila kadi isiyo kiumbe wala ardhi unayocheza. Novemba ikafungiwa kwenye Standard. Pesa za Juni hazikurudi kwa mtu.

Najua kuna mkuu atakuja hapa na ile ya "soko ndilo linaamua". Soko gani, wakati mtu mmoja ndiye mwenye mtambo wa kuchapa? Na walanguzi wanaonunua nakala mia za kadi moja usiku wa tangazo hawachezi hata mchezo mmoja. Siwalaumu wenye maduka madogo wanaotupa meza na viti Ijumaa jioni. Wengi wao hukatiwa mzigo kama sisi.

Ninachotaka ni vitu viwili. Rhystic Study na wenzake wawekwe kwenye deki za tayari kama Sol Ring, mwaka hadi mwaka, mpaka walanguzi wakose cha kuhodhi. Na muuzaji akishapokea pesa, atume kadi kwa bei tuliyopatana, hata ikipanda mara tatu usiku huo.

Wenye kuagiza kutoka Dar na Nairobi, nyie mnalipa na usafirishaji juu yake. Je, mmeshafutiwa oda namna hii? Ni kadi gani, na mlipolalamika mlijibiwa nini?