Mdogo wangu kapata nafasi ya kusoma historia na falsafa ya sayansi, mjomba kagoma

Mwl wa Chuno
Wanajamvi, salaam. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapa Mtwara mjini. Mdogo wangu wa kiume kamaliza digrii ya fizikia mwaka jana. Tulitegemea aombe ualimu kama mimi, au abahatishe kwenye gesi kule Madimba. Yeye kaja na barua: kakubaliwa uzamili wa historia na falsafa ya sayansi, nje ya nchi, chini ya profesa mwenye kigoda cha somo hilo. Karo imelipiwa. Nauli na hela ya kuanzia maisha ni juu yetu.

Kwetu Newala jambo kama hili haliishi mpaka mjomba aseme. Jumapili tukaenda. Mjomba alikuwa anachambua korosho juu ya jamvi, zile mbovu anazirusha pembeni bila kuzitazama. Tulipofika kwenye neno kigoda mkono ukasimama. "Kasoma fizikia miaka yote hiyo akakalie kigoda? Si angesema mapema, mbuzi ya nazi ipo jikoni." Baraza zima likaangua kicheko. Mdogo wangu akainuka, akaenda kusimama peke yake chini ya mkorosho.

Nilishindwa kumtetea maana hata mimi sielewi. Historia na falsafa zimeingiaje kwenye sayansi, tena kwa pamoja? Na hicho kigoda ni kitu gani?

Kangomba Mstaafu
Mjomba yuko sahihi. Hela ya korosho nunueni bodaboda mbili, dogo asimamie.

Mtu wa Mikindani
Mwalimu, wa bodaboda mwache na bodaboda zake.

Kigoda ni nafasi ya uprofesa yenye jina na kazi yake maalumu. Anayeikalia akiondoka, nafasi inabaki, anatafutwa mwingine. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere tangu 2008, wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji. Kwa hiyo mwambie mjomba kigoda hicho hakikuni nazi.

Sasa hilo somo. Mwaka 1895 chuo kikuu cha Vienna, Austria, kilimpa Ernst Mach kiti (ndicho kigoda) cha falsafa, hasa historia na nadharia ya sayansi. Mach alikuwa mwanafizikia. Ukisikia ndege ya kivita inaenda "Mach 2", yaani mara mbili ya kasi ya sauti, ndiye huyo. Kiti kile mwaka 1922 kikaenda kwa Moritz Schlick, naye alisomea fizikia kwa mwanafizikia Max Planck. (Mwaka 1936 mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake akampiga risasi kwenye ngazi za chuo, akafa. Msimwambie mjomba hili.)

Cha kushangaza, Mach huyohuyo alikataa kuamini kwamba atomi zipo. Wala hakuwa mjinga. Alitaka kujua kwa nini tukiri kitu ambacho hakuna aliyekishuhudia. Mwaka 1905 Einstein akaleta hesabu za chembe ndogo zinazotikisika ndani ya maji, Jean Perrin akazipima maabara, na wabishi wengi wakasalimu amri. Historia inakupa kesi yenyewe, falsafa inauliza ushahidi uliotosha ulikuwa upi. Ukizitenganisha unabaki na hadithi upande mmoja na ubishi upande mwingine. Hujawahi kuulizwa darasani kama atomi umeiona?

Mwl wa Chuno
Nimeulizwa. Kidato cha tatu, binti mmoja wa dawati la mbele: "Mwalimu, wewe umeiona?" Nikamjibu andika, itakuja kwenye mtihani. Akaandika. Mpaka leo nikimkuta sokoni naona haya.

Mtu wa Mikindani
Basi mtafute Gaston Bachelard. Alifanya kazi posta, akafundisha fizikia na kemia sekondari ya mji wao mdogo huko Ufaransa, na mwaka 1940 akapewa kiti cha historia na falsafa ya sayansi chuo cha Sorbonne, Paris. Mwalimu wa sekondari kama wewe.

Lindi Kwetu
Mnaenda Vienna ya nini na Tendaguru ipo hapa Lindi? Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale 1909 hadi 1913, wakaondoka na zaidi ya tani 200. Punda hawakufaa kwa sababu ya mbung'o, hivyo mifupa ilitembea juu ya vichwa vya watu, siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Leo dinosaria mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo mita 13 na ushee. Janensch, mmoja wa wataalamu wao, alipomtangaza 1914 alimpa jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho yao.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mtu aliyejua kuutambua mfupa ukiwa bado umefunikwa na udongo. Waingereza walipokuja 1924 nao walimwajiri. Jina lake limeingia kwenye sayansi 2007, kwenye dinosaria aitwaye Australodocus bohetii. Hesabu mwenyewe imechukua muda gani. Nani anahesabiwa kuwa amegundua, na nani anaandikwa mpagazi? Hilo nalo ni swali la somo hilohilo, na nyaraka zake nyingi ziko huko nje. Dogo aende.

Mwl wa Chuno
Mrejesho. Nimempigia mjomba, nikaruka Vienna yote, nikaanza na Tendaguru. Kwenye wapagazi alinyamaza muda mrefu nikadhani salio limekata. Halafu: "Huyo Boheti, kwao wapi?" Nikasema sijui. "Muulize mdogo wako." Nikasema naye hajui, ndiyo maana anataka kusoma. Akaguna. Kasema tusubiri mnada ujao wa korosho, bei ikiwa mbaya nauli atatoa nusu.

Kangomba Mstaafu
Nusu nyingine uza bodaboda.