Siduri na humashi za nyumbani: Koren au ArtScroll?

rafu_tupu: Shalom wote. Shemeji anarudi Nairobi kutoka Marekani, amenipa kilo tano kwenye mzigo wake. Naanza maktaba ya nyumbani ya vitabu vya Kiyahudi: siduri (vitabu vya sala) na humashi (vitabu vitano vya Musa), ila sijui nichukue za mchapishaji gani. Koren au ArtScroll?

mbale_kwetu: Ndugu, mbona hujatuambia kitu? Mnasali kwa nusahi (mapokeo ya sala) gani, Ashkenazi (ya Wayahudi wa Ulaya) au Sefardi (ya wenye asili ya Hispania)? Kiebrania unasoma? Una watoto?

rafu_tupu: Samahani. Ashkenazi. Mimi nasoma polepole, mke wangu bado. Watoto wana miaka 6 na 9.

herufi_kubwa: Siduri chukua Koren. Sala zimekatwa mistari kama shairi, jicho halichoki. Ila Kiebrania kiko kushoto na tafsiri kulia, kinyume cha ArtScroll. Binti yangu alizoea baada ya Shabati (Sabato) mbili.

mbale_kwetu: Na mkewe je? ArtScroll wana siduri yenye Kiebrania kwa herufi za Kilatini. Huyo mama atasali pamoja nao tangu siku ya kwanza.

herufi_kubwa: Na hatajifunza alefbeti kamwe! Isitoshe, ArtScroll Wimbo Ulio Bora hawautafsiri neno kwa neno, wanaugeuza fumbo la Mungu na Israeli.

mbale_kwetu: Wanamfuata Rashi, yule mfafanuzi mkuu wa Biblia wa karne ya 11. Kosa liko wapi?

mishumaa_miwili: Chochote utakachonunua, usichukue mtumba bila kuonyeshwa kurasa. Mimi niliagiza humashi mtandaoni, jalada safi kabisa. Ijumaa usiku, watoto wameshakaa, nafungua parasha (somo la Torati la wiki) ya Kedoshimu: kutoka Walawi 18 kitabu kinarukia 21. Kurasa zimechomolewa. Pale penye "umpende jirani yako" hapapo. Shabati imeshaingia, simu haiguswi, Sefaria (maktaba ya Kiyahudi ya mtandaoni) siwezi kufungua. Nikawasimulia kwa kumbukumbu hadi nikakwama, mdogo akaanza kulia kwa usingizi. Muuzaji hakunijibu hadi leo. Na kukitupa siwezi, kina Jina la Mungu. Mwaka wa tatu huu kiko juu ya kabati.

msomi_wa_usiku: Kizikeni, ndiyo desturi. Au wekeni geniza (stoo ya maandiko matakatifu yaliyochakaa), kama sinagogi ya Ben Ezra kule Cairo. Msomi Solomon Schechter alihamisha shehena ya karatasi zake kwenda Cambridge mwaka 1897.

mbale_kwetu: Zile zilipatikana kwa sababu hazikuzikwa. Siduri zilizochakaa za babu tulizilaza kaburini kwake.

mishumaa_miwili: Kwa hapa Nairobi nimpelekee nani?

rafu_tupu: Shemeji kapiga simu, zimebaki kilo tatu. Niache humashi?

herufi_kubwa: Humashi usiache! Siduri unataka za saizi gani?