Chuo kinatubana na asilimia 75 ya mahudhurio, mwalimu mwenyewe haonekani

Wakuu, habari za leo. Niko mwaka wa pili wa digrii ya kwanza kwenye chuo kimoja hapa Tanga mjini. Jina la chuo silitaji, na wanaolijua naomba wasilitaje, maana wapo wenzangu wanaoweza kuandamwa. Jambo hili nimelivumilia tangu muhula uanze na sasa nimechoka.

Kuna kozi moja ya lazima, ina krediti 12. Kwa wasiojua hesabu za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha lekcha, semina, kujisomea, asaimenti na mitihani. Kwa hiyo kozi hii inanidai saa 120. Saa hizo sizikatai. Darasani kwetu wengi ni watu wazima wenye kazi na familia, hakuna aliyekuja kubembelezwa. Ila hakuna aliyetuambia saa hizo tuzitumie kwenye nini.

Autilaini ya kozi, yaani mpango wake wa mada, vitabu na maksi, tumeipata muhula umeshafika katikati. Na yenyewe ni picha iliyopigwa kwa simu ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp usiku, karatasi imekaa upande, kivuli cha mkono kimefunika orodha ya vitabu. Ukurasa wa pili, ule wenye mgawanyo wa maksi, haumo. CR wetu, kiongozi wa darasa, akaandika kwa adabu kabisa, "Mwalimu, shikamoo, tunaomba na ukurasa wa pili." Tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo. Sasa nitajuaje asaimenti inabeba ngapi kwenye ile 40 ya koswaki, yaani maksi za kazi za muhula kabla ya mtihani wa mwisho? Nitajuaje kwenye insha mwalimu anataka nieleze nadharia ilivyo, au anataka niichukue niipime kwa mfano wa huku kwetu, tuseme mashamba ya mkonge au bandari? Hizo ni kazi mbili tofauti. Ukifanya moja vizuri wakati iliyotakiwa ni nyingine, umefeli.

Mwalimu anatoka Dar. Simlaumu kwa kukaa Dar, na najua wahadhiri ni wachache, mmoja anabebeshwa kozi chungu nzima. Lakini ratiba iliyobandikwa inasema lekcha ni kila wiki. Tunachopata sisi ni tangazo la saa nne usiku kwamba kesho saa moja asubuhi kuna kipindi, halafu kipindi chenyewe ni kutwa nzima, mada za wiki tatu zinapitishwa slaidi kwa slaidi mpaka jioni watu wamepauka. Kuna dada tunasoma naye, anakaa Muheza na ana mtoto mchanga. Tangazo analikuta alfajiri. Mpaka atafute wa kumwachia mtoto, apate gari, ashuke Kange, achukue bajaji hadi chuoni, karatasi ya mahudhurio imeshazunguka na kukusanywa. Na kwa kuwa kutwa ile inahesabiwa kuwa vipindi vya wiki tatu, kachelewa asubuhi moja, kaandikiwa hakuwepo wiki tatu. Kanuni ya chuo chetu inasema ukiwa chini ya asilimia 75 hufanyi mtihani. Haya, zile wiki ambazo sisi tulikaa darasani tukimsubiri mwalimu, yeye nani anamhesabia?

Sasa njooni kwenye asaimenti, hapa ndipo damu inaponichemka. Insha ya maneno 2000, kwa Kiingereza, marejeo kwa mtindo wa APA. Mwaka wa kwanza tulisoma kozi ya stadi za mawasiliano, tukakaririshwa aina za barua na sifa za msikilizaji mzuri, tukapewa mtihani wa kuchagua jibu sahihi, tukapita. Hakuna siku mtu alishika aya moja ya kitabu mbele yetu akasema hivi ndivyo unavyoieleza kwa maneno yako, na hivi ndivyo unavyomtaja mwenye hoja. Wengi wetu tumetoka shule za kata ambako insha ndefu kuliko zote ilikuwa kurasa mbili.

Halafu kazi hizo hizo zinapitishwa Turnitin, programu inayotafuta maandishi yanayofanana na ya wengine. Anayezidi asilimia fulani, ambayo haikutangazwa kabla, anaandikiwa amenakili na anapewa sifuri. Rafiki yangu kapewa sifuri. Tulihangaika mpaka tukaiona ripoti yake. Rangi imejaa kwenye ukurasa wa mbele, kwenye swali la mwalimu, ambalo darasa zima limelinakili kwa sababu ndilo swali! Sehemu nyingine iliyojaa rangi ni orodha ya marejeo, ambayo haiwezi kukosa kufanana na ya wenzake kwa kuwa vitabu tulivyosoma ni vile vile. Kwenye insha yenyewe palikuwa na vipande vichache tu. Turnitin wenyewe wanaeleza kwamba asilimia ile inaonyesha maandishi yanayofanana na mengine, si hukumu ya wizi, na kwamba mtu ndiye anayetakiwa kuifungua ripoti na kuamua. Orodha ya marejeo inaweza hata kuondolewa kwenye hesabu. Aliyesahihisha hakufanya hata kimoja. Kaangalia namba, kaweka sifuri, basi. Rafiki yangu alikesha kwenye ile kazi, nilikuwa naye.

Yangu ilirudi na asilimia 45 na mstari mmoja wa kalamu nyekundu uliokata ukurasa wa tatu kutoka juu hadi chini. Neno hakuna. Nimekosea hoja? Nimetoka nje ya swali? Kiingereza kibovu? Nimekwenda ofisini kwake kuuliza, mlangoni kuna karatasi ya saa za kuonana na wanafunzi, mlango umefungwa. Nikaelekezwa kwa mshauri wa wanafunzi, naye kaniambia masuala ya kitaaluma nirudi idarani. Idarani nikaambiwa nimsubiri mwalimu.

Najua watakuja watu hapa waseme chuo kikuu si sekondari, jitegemeeni, sisi enzi zetu tulisoma kwa shida na tukamaliza. Nawaheshimu, ila hilo silikubali. Anayejitegemea lazima kwanza aambiwe anatakiwa kufikia wapi, na akikosea aonyeshwe alipokosea ili asirudie. Maktaba yetu inafungwa saa kumi jioni, wakati tunaofanya kazi ndiyo kwanza tunatoka vibaruani. Ada tumelipa. Wengine wanasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) watakaoulipa kwa miaka mingi, iwe walifundishwa au hawakufundishwa.

Na adhabu yake si ndogo. Kwetu koswaki ni 40 na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60, na ukiwa chini ya 16 kwenye koswaki huingii UE. Mwaka jana kwenye kozi nyingine koswaki ilibandikwa asubuhi ile ile ya mtihani. Kuna watu walijua kwamba wamezuiwa wakiwa wameshika kalamu na kitambulisho mlangoni, na muda wa kukata rufaa haukuwepo. Ukiangukia sapu, yaani mtihani wa marudio, hata uandike kama profesa unapewa C, na C hiyo inaburuza GPA yako mpaka mwisho. Ukizidisha, unadisko, yaani unaondolewa chuoni.

Tunachotaka kinawezekana bila kujenga hata jengo moja. Autilaini kamili wiki ya kwanza, ikiwa na mgawanyo wa maksi na vigezo vya kusahihishia. Kipindi kikihamishwa, tutangaziwe mapema, na mahudhurio yahesabiwe kwa vipindi vilivyofundishwa kweli. Asaimenti zirudi na maelezo, hata mistari mitatu, kabla ya kazi inayofuata. Waliopewa sifuri za Turnitin ripoti zao zifunguliwe na zisomwe upya, wakiwepo wenyewe.

Walioshawahi kupeleka malalamiko ya namna hii TCU, au kupitia serikali ya wanafunzi ikasikilizwa, naomba mtuelekeze hapa: mliandika nini, mliambatanisha nini, na mliwalindaje waliosaini. Na kama kuna kiongozi wa idara anayesoma uzi huu, UE inaanza Jumatatu na koswaki ya kozi hii bado haijabandikwa. Ibandikeni kabla ya Ijumaa ili mwenye tatizo apate siku ya kulalamika.