Ukoo wa Ujiji: Jua Linageuka Shimo Alhamisi

Shangazi Kibirizi: _Umesambazwa mara nyingi_
TAHADHARI!!! Alhamisi hii jua litageuka SHIMO JEUSI na kuimeza dunia. Mtumie kila umpendaye. USIPUUZE!!!

Shangazi Kibirizi: Jamani mimi nimeanika dagaa kwenye chanja tangu asubuhi. Niziache au nianue?

Baba Mdogo (admini): Dada, tulikubaliana kikundi hiki ni cha harusi, misiba na michango.

Shangazi Kibirizi: Na mimi nimeleta msiba. Wa dunia nzima.

Da Zainabu: Idi yuko wapi? Si ndiye anayesoma fizikia huko Tabora?

Idi: Shikamooni wakubwa zangu. Shangazi, ziache zikauke. Jua haliwezi kuwa shimo jeusi, si Alhamisi wala siku yoyote. Ni jepesi mno.

Bibi: Jua jepesi?

Idi: Kwa kazi hiyo ndiyo, Bibi. Nyota zinazoishia huko kwa kawaida huzaliwa na uzito wa kama mara 20 ya jua kwenda juu. Letu lina miaka kama bilioni 5 mbele yake, kisha litavimba liwe jekundu, lipoteze tabaka za nje, kibaki kiini kidogo kinachoitwa kibete cheupe, kinachopoa taratibu.

Shangazi Kibirizi: Bilioni 5 zinatosha kukausha.

Shemeji Hamisi: Sasa hizo nzito zinageukaje shimo?

Idi: Nyota inaishi kwenye ugomvi. Uzito wake unaibana kwenda ndani, joto la katikati linasukuma kwenda nje. Joto lenyewe linatokana na haidrojeni kuungana na kuwa heli. Haidrojeni ikiisha inahamia kwenye heli, halafu kaboni, inapanda hivyo hivyo mpaka inafika kwenye chuma. Hapo mchezo umekwisha. Kuunganisha chuma hakuleti joto, kunalila.

Shemeji Hamisi: Kama karabai iliyoishiwa mafuta ya taa.

Idi: Karabai inazimika ikiwa imesimama, Shemeji. Nyota inajiporomokea. Kiini cha chuma chenye ukubwa unaokaribia wa dunia kinabomokea ndani kwa muda usiofika sekunde moja, kinabaki makumi machache ya kilomita tu. Huku nje kunalipuka, ndiyo supanova. Kilichobaki kikizidi uzito wa majua kama 3, hakuna nguvu inayojulikana ya kukizuia. Kinazidi kujibana mpaka hata mwanga hauwezi kutoka.

Da Zainabu: Haifiki sekunde! Na humu kuna mtu akiandika "nipo njiani" bado hajaoga.

Baba Mdogo (admini): Nani huyo?

Da Zainabu: Sijataja mtu.

Babu: IDI MJUKUU WANGU NANI ALIINGIA HUKO AKARUDI KUSIMULIA

Idi: Hakuna, Babu. Hesabu ndizo zilitangulia. Kulikuwa na Mjerumani, Karl Schwarzschild, yuko jeshini upande wa Urusi kwenye vita vya kwanza, akawa anakokotoa milinganyo ya Einstein ya nguvu ya uvutano. Kazi yake ikachapishwa 1916. Kwa hesabu hizo, ukilibana jua zima libaki na upana wa kilomita 6 hivi, linakuwa shimo.

Babu: 1916 WAJERUMANI WENZAKE WAKO HAPA ZIWANI WANAIZAMISHA GOETZEN ISITEKWE. NDIYO HII LIEMBA YETU. MMOJA ANAZAMISHA MELI MWINGINE ANAZAMISHA JUA

Bibi: Kilomita 6 ni wapi na wapi?

Baba Mdogo (admini): Mama, ukitoka Ujiji hata mjini Kigoma hujafika.

Bibi: Jua zima? Na joto lote hili?

Shemeji Hamisi: Idi, yaliyokwisha kuwepo yako upande gani?

Idi: Yako mengi. Lile kubwa la galaksi yetu liko upande wa kundi la nyota la Mshale, jirani na mkia wa kundi la Nge. Uzito wake ni kama mara milioni 4 ya jua, umbali miaka ya nuru kama 26,000, yaani mwanga wenyewe unasafiri miaka yote hiyo kutufikia. Picha yake ilitolewa 2022. Kabla ya hapo, 2019, ilitoka ya shimo la galaksi ya M87, na hiyo ndiyo ya kwanza.

Shemeji Hamisi: Nge namjua. Ndiye ninayemtazama usiku wa giza nikingoja dagaa wajae kwenye taa. Mbona halijanivuta?

Idi: Hapo ndipo ujumbe wa Shangazi unapopotosha watu. Shimo jeusi halizunguki likifyonza kila kitu. Leo hii liondoe jua, weka shimo lenye uzito uleule, dunia ingeendelea kulizunguka kwenye njia yake ileile. Tungekufa kwa baridi. Balaa ni kulisogelea. Lile linalotokana na nyota, ukitanguliza miguu, miguu inavutwa kwa nguvu kuliko kichwa. Unarefushwa mpaka unakatika.

Da Zainabu: Baba Mdogo jamani, ule urefu ulioutafuta tangu shule!

Baba Mdogo (admini): Nitakifunga kikundi hiki.

Shangazi Kibirizi: Kwa hiyo Alhamisi naenda sokoni kama kawaida.

Idi: Nenda Shangazi. Hata vigogo wa fizikia wenyewe walibishana. 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne, kwamba kile kitu kinachoitwa Cygnus X-1 si shimo jeusi. Moyoni aliamini ni shimo, ila alitaka akionekana amekosea asitoke mikono mitupu. 1990 akakiri ameshindwa, akalipa.

Bibi: Kamari haifai. Alilipa nini?

Idi: Jarida, Bibi. Alimlipia mwenzake jarida la mwaka mzima.

Bibi: Afadhali, wasomi hao. Jarida la nyota?

Idi: La picha.

Bibi: Picha za nyota?

_Idi anaandika…_

Baba Mdogo (admini): Idi, mjibu bibi yako.

Idi: Mtandao huku Tabora unasumbua kidogo

Babu: MIMI NIMESHALIJUA JARIDA LENYEWE

Bibi: Wewe umelijulia wapi?

_Babu ameondoka kwenye kikundi_